Namna ya Kumpiga Picha Mshtarii Ukiwa Mangobo Bila Kuitwa Mchawi

Vitabu vinavyofundisha kupiga picha sayari kwa darubini ya nyumbani vimeandikwa na watu wanaoogopa baridi. Ukurasa wa kwanza unakuagiza uvae soksi mbili mbili. Wa pili unakuagiza uitafute Nyota ya Kaskazini. Mkaazi wa Kisangani azichane kurasa hizo mbili ampe mama anayeuza karanga barabarani, yeye ana kazi nazo. Zinazobaki zisomwe kwa tahadhari, maana hazina neno hata moja juu ya kumbikumbi, wala juu ya baa ya jirani, wala juu ya la kumjibu shefu wa kartie akitaka kujua, saa tano za usiku, kwa nini umeelekeza bomba juu ya paa lake.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mangobo, Kabondo, Tshopo, Makiso, au Lubunga ng'ambo ya mto: mwenye ua, mwenye darubini au tamaa ya kuwa nayo, na mwenye majirani. Hasa mwenye majirani.

Nianze na habari njema, kwa sababu ni moja tu. Mji wetu uko nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Sayari zote husafiri angani karibu na njia ile ile linayopita Jua, na kwetu njia hiyo hupita utosini. Sayari ikifika kilele cha usiku wake, haishuki chini ya digrii 65 hivi kutoka upeo wa macho, mwaka wowote, mwezi wowote. Mtu wa London ana miaka ambayo Mshtarii humtambalia digrii 15 tu juu ya mapaa, na mwanga wake unapenya hewa nene mara nne kuliko ule unaoshuka wima. Tena ile mikondo mikali ya upepo wa juu inayopita juu ya Ulaya na kuzitikisa nyota zote, hapa haituhusu. Ndiyo maana Mwingereza Damian Peach, mmoja wa wapiga picha za sayari wanaojulikana zaidi duniani, alifunga mitambo yake akaenda kupigia Barbados, kisiwa kilicho digrii 13 kaskazini mwa ikweta, kutafuta anga ambayo wewe umepewa bure juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Yeye alirudi na picha. Wewe endelea kusoma.

Kwanza, bomba. La kuanzia ni darubini ya aina ya Newton, yenye kioo cha milimita 130 au 150 chini na kioo kidogo cha kuchepusha mwanga karibu na mdomo. Kioo cha milimita 150, hewa ikitulia, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 0.8 hivi za tao. Mshtarii akiwa karibu ana upana wa sekunde 45 hivi, yaani uso wa Mwezi mzima ungewapanga Mshtarii 40 bega kwa bega. Ni mdogo, lakini inatosha kuona mikanda yake, Doa Jekundu Kuu, na kivuli cha mmojawapo wa ile miezi minne ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini duni kuliko yako. Haitoshi kuona Poto, yaani Ulaya. Swali hilo litakuja, tutalifikia.

Darubini haiji yenyewe. Inaletwa na shemeji anayerudi likizo kutoka Ubelgiji, na shemeji ameruhusiwa kilo 46 za mizigo, na kati yake 44 ni za mama mkwe. Umbembeleze mapema. Ikifika uwanja wa ndege, mkaguzi wa mizigo atafungua sanduku, ataona bomba refu jeupe na miguu mitatu ya chuma, kisha atamtazama shemeji wako kwa muda. Mwelekeze shemeji asijibu kwamba ni kitu cha kuangalia mbali. Mtu anayeangalia mbali, katika nchi yenye majeshi mengi namna hii, lazima aeleze anaangalia nini na kwa faida ya nani. Aseme ni kifaa cha shule. Shule hapa nchini zinajulikana hazina kitu, kwa hiyo atahurumiwa.

Na mkaguzi asichekwe. Bomba lililosimama juu ya miguu mitatu uani haliwachekeshi watu wote wa Kisangani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini, na makombora zaidi ya 6,000 yakaangukia nyumba za watu ambao hawakuwa wa upande wowote. Ukiwa na jirani wa umri wa kuzikumbuka siku zile, mwite mchana, kabla hujaitumia darubini usiku hata mara moja. Aiguse, achungulie ndani, akute vioo vitupu. Hapo tu ndipo mwongozo huu usipotania.

Serikali nayo ina kumbukumbu zake za mabomba yanayoelekea mbinguni. Mwaka 1978, tarehe 5 Juni, kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi kule Shaba mbele ya Rais Mobutu mwenyewe; roketi ikapanda kidogo, ikabadili nia, ikaangukia bondeni. Mhandisi Jean-Patrice Keka alipokuja na roketi zake za Troposphère kule Menkao, karibu na Kinshasa, ile ya 2009 ilibeba panya, na panya huyo hakurudi kusimulia. Ukilinganisha, wewe unayetaka tu kutazama, bila kurusha kitu na bila kuhatarisha mnyama, ni raia mwema. Mkumbushe hivyo yeyote atakayekuja na daftari.

Kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani usiipakie darubini kwenye toleka. Ukilazimika, panda kile kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, ikumbatie, na umlipe mwendeshaji nauli ya watu wawili bila kubishana, kwa kuwa alikwisha kupiga hesabu hiyo alipokuona. Mashimo ya barabara yatavihamisha vioo kutoka mahali pake; hilo halikwepeki. Usiku wa kwanza lenga nyota angavu, iharibu fokasi kidogo makusudi, utaona pete nyembamba zimezungukana. Zikiwa zimebanana upande mmoja, kaza au legeza skrubu za kioo cha chini, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka zikae sawa. Watu wengi hununua lenzi ya pili kabla ya kufanya kazi hii ya bure, halafu wanalaumu anga.

Sasa stendi, na hapa ndipo vitabu vya baridi vinapokufanyia kejeli. Vinasema ununue stendi ya ikweta. Jina linavutia, nani anastahili stendi ya ikweta kuliko mtu wa ikweta? Kumbe stendi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa wewe. Mhimili wake unatakiwa uelekee ncha ya anga, ambayo huwa juu ya upeo kwa digrii zile zile za latitudo ya mahali. Paris ni digrii 49, mhimili unainuka vizuri. Kisangani ni nusu digrii, mhimili unalala. Stendi nyingi hazikubali kulala hivyo. Skrubu inagoma mapema, na ukiilazimisha, uzito wa kusawazisha unashuka na kugonga mguu wa stendi kila darubini inapozunguka. Ile Nyota ya Kaskazini yenyewe, ambayo kitabu kinakutaka uilenge, iko nyuma ya mwembe wa jirani, nyuma ya ukuta, nyuma ya msitu wote unaokwenda hadi Buta, kimo cha unene wa kidole juu ya ardhi usiyoiona.

Kwa hiyo chukua stendi ya kawaida inayopanda, kushuka na kuzunguka. Ya mbao, ya mtindo wa Dobson, fundi wa mbao anaweza kukuundia. Ina ugonjwa mmoja. Kitu kikiwa utosini kabisa, darubini inasimama wima, na kukifuata kunakuwa mapambano: unaisukuma pembeni, inazunguka mahali pamoja, Mshtarii anatoka upande wa pili wa picha. Na kwetu sayari hupenda utosini. Mpige saa moja kabla hajafika kileleni au saa moja baada ya kupita. Bado atakuwa juu zaidi kuliko atakavyowahi kuwa kwa mtu wa Brussels.

Majirani ni somo refu.

Mtu mzima anayesimama uani usiku wa manane, gizani, kimya, jicho moja limefumbwa na jingine limebandikwa kwenye bomba linaloelekea angani, anajulikana mji mzima ni nani. Yasemekana wachawi husafiri usiku kwa ndege zao, na kwamba ndege hizo ziliwahi kuonekana zimeundwa kwa ganda la karanga. Jirani yako hana haja ya ushahidi zaidi: ama unaziongoza zitue, ama unazisubiri upande. Ukijitetea kwamba unatafuta sayari kubwa yenye kimbunga chekundu kilichozidi Dunia kwa ukubwa, umemaliza kesi, na si kwa upande wako.

Maongezi ya usiku wa kwanza huenda hivi:

"Papa, unaangaliaka nini kule juu?"

"Mshtarii, mama."

"Njo nani?"

"Ni sayari, mama. Inazunguka Jua sawa na dunia yetu."

"Na yeye anakuonaka?"

Usijibu hapo. Mpishe, mwonyeshe Mwezi.

Mwezi ndio hati yako ya mwenendo mwema. Usichague usiku wa mwezi mpevu, maana mwanga unaushukia wima na uso unabaki bapa. Chagua siku ya saba au ya nane tangu uandame, nusu ikiwa gizani, ule mpaka wa mwanga na kivuli ukipita juu ya mashimo na milima. Wa kwanza kutazama awe mama anayeongoza kikundi cha maombi cha avenyu yenu. Huyo akipiga kelele ya furaha, umeokoka. Wa pili awe mchungaji. Wa tatu shefu wa kartie, mpe kiti kabisa. Kesho yake asubuhi utaitwa Profesa, na katika mji wenye chuo kikuu tangu 1963 cheo hicho kina washindani, kwa hiyo kivae bila kuchelewa.

Gharama yake ni foleni ya watoto. Watakuja na watoto wa kartie nyingine. Mmoja atashika bomba kwa mikono miwili ili aone vizuri, mwingine atapiga teke mguu wa stendi akikimbia kumwita dada yake. Na kila usiku mtu mzima atakusogelea, ataangalia kulia na kushoto, kisha atauliza kwa sauti ya chini kama hicho kitu kinafika Poto. Mwambie Mshtarii yuko mbali zaidi ya kilomita milioni 600. Atakutazama kwa masikitiko. Umbali wote huo, na Brussels hapo tu hauioni.

Majirani wakishatulia, zinabaki mbabula zao. Fikiria safari yenyewe: mwanga umeondoka kwenye mawingu ya Mshtarii, umesafiri zaidi ya nusu saa katika utupu bila kuguswa na kitu, umeshuka wima katika hewa bora kuliko ya Ulaya nzima, na mita nne za mwisho unapita juu ya jiko la makala ambapo mama mwenye nyumba anachemsha pondu. Umekwisha. Mvuke wa joto unaipinda miale hovyo, na katika kamera Mshtarii anatokota. Mabati nayo yamekula jua mchana kutwa na yanalitoa taratibu baada ya giza kuingia. Ukilenga sayari inayochungulia juu ya paa saa moja na nusu usiku, unachopiga picha ni paa. Subiri saa tatu, saa nne. Simamisha stendi juu ya udongo au majani, wala si juu ya saruji, na mbabula ihamishwe upande ambao upepo unaondokea. Hili la mwisho uliombe kwa adabu, mchana, ukiwa na kitu mkononi.

Kuna na baa. Rumba yetu UNESCO iliiandika katika urithi wa binadamu mwaka 2021, na mimi ni wa mwisho kuikataa. Lakini spika la besi lililo nje ya baa, mita 30 kutoka kwako, linatikisa ardhi, ardhi inatikisa stendi, na darubini inayokuza mara 200 inautikisa uso wa sayari mara 200. Utamwona Mshtarii akicheza, kiuno kikiwa sehemu ya mikanda ya ikweta. Wakati wa mwimbaji kulalamika anatulia kidogo. Gitaa la sebene likiingia funga kamera, hakuna utakachopata. Baa hunyamaza umeme ukikatika.

Hapo ndipo umeme wenyewe unapotufikisha. Mtu anayepiga picha za galaksi hushangilia delestaji, kwa sababu anataka giza. Wewe hulihitaji, sayari zinang'aa kiasi kwamba zinaonekana hata chini ya taa ya barabarani. Unachohitaji ni kompyuta yenye chaji. Kwa hiyo umeme ukiwepo una kompyuta na besi. Usipokuwepo una utulivu na betri ya dakika 20. Jirani mwenye jenereta atajitolea kukusaidia, na jenereta lake litatikisa ardhi kuliko baa. Suluhisho ni betri ya gari na inveta, iliyochajiwa mchana kwa paneli ya jua. Mtu wa teksi aliyekuazima betri hiyo ataitaka saa kumi na moja alfajiri.

Halafu kumbikumbi. Baada ya mvua ya jioni anga husafishika, vumbi na moshi vimelala, nyota zimeshuka karibu. Unafungua kompyuta. Katika giza lote la kartie, kioo chake ndicho taa pekee inayowaka, na kumbikumbi wote wa Tshopo wanaiona. Wanaingia katikati ya vitufe, wanaacha mabawa juu ya kamera, wanatembea juu ya sura ya Mshtarii wakijifanya miezi. Watoto waliokwenda kulala wanaamka na sufuria. Usiwafukuze. Weka taa ya pili upande wa pili wa ua, beseni la maji chini yake, uwakabidhi wao idara hiyo. Utakula sehemu yako kesho wakiwa wamekaangwa kwa chumvi.

Juu ya umande nitasema haraka. Kwetu unakuja mapema na mwingi. Ukiona sayari imevaa utando wa maziwa, usiifute lenzi kwa shati. Iweke lenzi mfukoni ipate joto. Darubini ikimaliza kazi isifungiwe ndani ya sanduku ingali na unyevu, maana kuvu wa hapa huota juu ya kioo na kukila mpaka uhesabu hasara. Iache ikauke kwanza, kisha mle sandukuni weka mchele uliokaangwa mkavu, na umwonye mwenye njaa.

Sasa picha yenyewe. Sahau wazo la kubonyeza mara moja. Hewa, hata ikiwa nzuri, inayumba mara nyingi kwa sekunde. Kipande kimoja cha wakati uso wa sayari unaonekana wazi, kipande kinachofuata umevurugika. Watu walianza kulishinda jambo hili kwa kamera ndogo za kompyuta, kama ile Philips ToUcam iliyotengenezwa kwa ajili ya kuongea na ndugu, na siku hizi ziko kamera maalumu. Unachukua video: fremu 100 kwa sekunde, dakika mbili, fremu 12,000. Programu inazipima moja moja, inachagua zile asilimia 10 zilizonasa hewa ikiwa imetulia, inazipanga moja juu ya nyingine na kuzichanganya kuwa picha moja. Wagenya wa maporomoko ya Boyoma wanaifahamu kanuni hii kuliko mhandisi yeyote: unatega kikapu kikubwa katika maji makali, unaacha mto mzima upite, na huulizi maji yaliyopita yamekwenda wapi.

Usizidishe dakika 3 kwa video moja. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55, mwili mzima ule, na katika dakika chache kilichokuwa katikati ya uso kimeshasogea kiasi cha kuharibu picha. Zohali ana haraka karibu hiyo hiyo lakini uso wake hauna alama nyingi, kwa hiyo anakuvumilia. Mirihi yuko taratibu, siku yake inakaribia yetu.

Ukuzaji unaofaa unategemea kamera. Chukua ukubwa wa pikseli kwa maikroni, zidisha kwa 5. Hiyo ndiyo namba ya uwiano wa fokasi unayoitafuta. Pikseli ya 2.9 inataka 14 au 15, na darubini yako ya uwiano wa 5 itaifikia kwa lenzi ya Barlow ya mara tatu. Kuzidi hapo ni kukuza ukungu. Kama huna kamera, bandika simu kwenye lenzi ya jicho kwa kishikizo, punguza mwanga mpaka mikanda ionekane, piga video vile vile. Watu wanaokudharau kwa simu hawajawahi kushikilia kishikizo hicho dakika mbili huku mbu wakila kifundo cha mguu.

FireCapture kwa kurekodi, AutoStakkert kwa kupanga fremu, RegiStax kwa kunoa: zote ni za bure, zimetungwa na wapenda nyota wenyewe. Bei yake kwetu ni mega. Zipakue usiku, bando likiwa rahisi, na usimwambie mtu nenosiri la simu yako wakati huo. Video moja inaweza kula gigabaiti karibu 4, basi diski itajaa kabla ya hamu kuisha, na utalazimika kuchagua kati ya Zohali na filamu za harusi ya dada.

RegiStax ina vitelezi sita vya kunoa. Sogeza cha kwanza kidogo. Mikanda inajitokeza, moyo unaruka. Simama hapo. Hakuna atakayesimama hapo. Utasogeza cha pili, cha tatu, ukingo wa sayari utapata duara jeusi ambalo halipo mbinguni, punje zitajaa usoni, na rangi zitafika pale ambapo mama mkwe atauliza kitambaa hicho kinauzwa duka gani. Lala. Kesho asubuhi rudisha vitelezi nusu.

Kuhusu lini, kalenda yetu ina ucheshi wake. Kisangani hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na miezi inayopungukiwa kidogo ni Januari na Februari. Nchi hii inajua mambo ya mawingu: Kabare, huko Kivu Kusini, inaongoza Afrika kwa radi, zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Katikati ya Februari 2027 Mshtarii na Mirihi watakabiliana na Jua kwa kupishana siku chache, wote usiku kucha juu ya kichwa chako, katika miezi yenye nafuu. Mirihi atakuwa mdogo, chini ya sekunde 14 za tao, lakini aliyekuja amekuja. Yule Mirihi mkubwa, wa sekunde zaidi ya 24, atatufikia Septemba 2035, mvua ikiwa imeshika kasi. Zohali naye anafanya sherehe zake Septemba na Oktoba, akisogea kama siku 13 mbele kila mwaka, kwa hiyo ataingia miezi mikavu mwishoni mwa 2032. Pete zake, zilizotugeukia ubavu Machi 2025 hadi zikapotea, zinaendelea kufunguka. Una muda wa kumbembeleza shemeji.

Zuhura, msimu wake wa jioni ukifika, anaonekana mapema na huweza kuwa na hilali nzuri. Ila usimtafute kwa darubini Jua likiwa bado juu. Kioo cha milimita 150 kikikutana na Jua bila kichujio, jicho lako halitasubiri ukumbuke onyo hili.

Picha ikikamilika, utaiweka kwenye statasi ya WhatsApp saa nane za usiku. Wa kwanza kujibu atasema umeitoa Google. Wa pili atauliza mbona ni ndogo. Wa tatu, binamu aliye Goma, atakutumia picha ya Hubble akisema yake ni safi zaidi. Usibishane na yeyote. Mwonyeshe jirani wa mbabula, maana yeye alikuwepo, alihamisha jiko, na ana haki ya kusema "tulipiga".

Na habari kwamba una kamera ya ajabu itafika Lubunga kabla ya saa sita mchana. Watakuja wenye kutaka picha za kadi ya uchaguzi, atakuja kijana anayetaka picha ya pikipiki yake, na hatimaye wazee wawili waliovaa vizuri watakuomba uwapigie harusi ya Jumamosi. Waeleze kwamba kamera hiyo inaona sekunde 45 za tao, hivyo bibi harusi itabidi asimame ng'ambo ya mto. Watakuambia hakuna tatizo, pirogi ipo. Kubali. Lenzi ya Barlow ya mara tatu haijilipii, na nusu ya pesa uipokee kabla hawajavuka.